Mhariri, hii "kuliko" yetu inatuangusha kwenye Kiingereza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na naona magazeti ya Kiswahili yanayotenga kona ya kufundisha Kiingereza yangeweza kulimaliza kabisa yakiamua. Ni ile namna ya kusema kwa Kiingereza kwamba mtu kachagua kufanya hiki akaacha kile. Kwetu mambo ni mepesi, una "afadhali", una "bora", una "heri", alafu katikati unaweka "kuliko" umemaliza: afadhali nitembee kuliko kungoja, napenda kutembea kuliko kungoja, bora kutembea kuliko kungoja, "kuliko" haibadiliki na kitenzi kinachoifuata kinabaki na "ku" yake vilevile. Sasa mtu akihamia Kiingereza anaibeba "kuliko" yake, anaambiwa huku inaitwa "than", basi anaibandika kila mahali, na hapo ndo sentensi zinaanza kuharibika.

Kinachoniuma ni vile tunavyofundishwa. Unaandikiwa fomula ubaoni, "would rather" (yaani afadhali) inaenda na "than", "prefer" (yaani kupendelea) inaenda na "to", kariri, kesho mtihani. Hakuna anayekwambia kwa nini, na mtu aliyekariri bila kujua sababu akisahau kidogo tu hana pa kushika. Na sababu ipo jamani, tena ukiisikia unaikumbuka.

Neno "rather" kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya upesi zaidi, mapema zaidi, yaani lilikuwa neno la kulinganisha sawa na "faster" au "bigger", na maneno ya namna hiyo kwa Kiingereza yanadai "than". Ndo maana hadi leo wapo wanaosema "I would sooner walk than wait" na maana haibadiliki hata kidogo, "sooner" imekaa palepale pa "rather". Anayesema hivyo anatuambia hili angelikimbilia mapema kabla ya lile, na hapo tumeshajua moyo wake uko wapi. "Prefer" nayo ilitoka Kilatini, kwenye neno la kubeba kitu na kukitanguliza mbele, sasa kitu kikitangulizwa kinatangulizwa mbele ya kingine, na kile kilichobaki nyuma Kiingereza hukitaja kwa "to". Angalia "superior" na "inferior", nazo za Kilatini, nazo zinachukua "to" hivyohivyo. Mwanafunzi akielezwa hili mara moja hahitaji kukariri tena lipi linaenda na lipi.

Umbo la vitenzi nalo lina mantiki yake. Kwenye "I would rather walk than wait" vitenzi viko vitupu pande zote mbili, hakuna "to" hakuna "-ing". Kwenye "I prefer walking to waiting" pande zote zina "-ing", na hapa ndo wengi wanateleza, maana wakiona "to" mkono unaandika "to wait" wenyewe, wakati hiyo "to" ni kihusishi kama kwenye "from Monday to Friday", haina undugu na "to" ya "to wait". Alafu kuna anayetaka kusema "I prefer to walk", hiyo ni sahihi kabisa, lakini akitaka kuendelea na kile alichokiacha anakwama, kwa sababu akiweka "to" ya kulinganisha atapata "I prefer to walk to to wait", kitu ambacho hakuna mdomo utakitamka, kwa hiyo Kiingereza kinaazima "rather than" na inakuwa "I prefer to walk rather than wait". "I prefer walking than waiting" ndo kosa linaloandikwa kila siku, kwenye barua za kazi, kwenye imeli, hata kwenye hotuba za watu wazito, na ni ile "kuliko" yetu inaongea ndani ya koti la kigeni.

Ila Mhariri, mahali ambapo ningependa mpatilie mkazo zaidi ni pale unapochagua kwa niaba ya mtu mwingine. Wewe unataka, lakini mtendaji ni mwenzako. "I would rather you stayed." Mwanafunzi anashtuka, mbona "stayed" wakati mtu bado hajaondoka, jambo lenyewe ni la sasa hivi au la kesho? Vitabu vingi vinasema tu ni wakati uliopita, tumia hivyo, basi. Lakini sisi Waswahili tuna kitu hichohicho mkononi, tunasema "afadhali ungebaki", na hiyo "-nge-" hakuna anayeiona kuwa ni ya jana, kila mtu anajua inasukuma jambo mbali na uhakika, inasema natamani ila uamuzi ni wako. "Stayed" hapo inafanya kazi ya "-nge-", Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo kwa hiyo kinatumia umbo la wakati uliopita kuweka umbali. Na jambo likiwa limeshapita kweli, mtu kashaongea na maji yameshamwagika, wao wanarudi hatua moja nyuma zaidi, "I would rather you hadn't told him", na sisi tunasema "afadhali usingemwambia". Wapo wanaosema "I'd rather you stay" na hilo halijakatazwa kila mahali, lakini lile la "stayed" ndo la kawaida zaidi, na mtu aliyelielewa kwa njia ya "-nge-" halipotezi tena. Sijui kwa nini mwalimu anayeongea Kiswahili na wanafunzi wanaoongea Kiswahili wanaacha msaada huu kando wanaenda kukariri jedwali.

Jambo lingine ambalo linaweza kumponza mtu kabisa ni kutotofautisha kutaka na kutenda. "I would rather resign than sign this" ni msimamo, huyo mtu bado yuko kazini na karatasi bado iko mezani, anasema tu moyo wake umeegemea wapi. "I resigned instead of signing" ni habari, kashaondoka, saini haikuwekwa. Kwetu tunasema "badala ya" na hapo Kiswahili na Kiingereza wanapatana vizuri sana maana "instead" ndani yake ina neno la zamani lenye maana ya mahali au nafasi, kitu kimoja kimekaa kwenye nafasi ya kingine, sawasawa na badala. Sasa fikiria mtu anaandika maelezo yake polisi au mahakamani au kwa mwajiri, anataka kusema alichofanya anaandika anachopendelea, au anataka kutoa onyo tu anaandika kama vile kashatenda. Hapo anayesoma ataamua mambo kufuatana na kilichoandikwa, hatakuwa na namna ya kujua ulimaanisha nini. "Rather than" inaweza kusimama popote kati ya hayo mawili, "Rather than wait, she walked" hapo kashatembea, kwa hiyo jicho liangalie kitenzi kikuu ndo kitakwambia kama ni nia au ni tendo.

Alafu kuna "had better", ambayo wengi wanaiweka kundi moja na "would rather" kwa sababu zote mbili zikifupishwa zinabaki na "'d" ileile, "I'd rather", "I'd better", na kwenye kusikia ndo usiseme. Hizi ni mbali kabisa. "You'd better wait" haisemi kwamba yeye anapenda kungoja wala kwamba wewe unapenda, inasema angoje la sivyo kuna baya linakuja. Ni onyo. Ukimwandikia mkubwa wako wa kazi "you had better reply today" ukidhani umesema kwa upole "ingekuwa vizuri ujibu leo", yeye anasoma vitisho, na mahusiano yanaharibika hujui hata yameharibikia wapi. Hiyo "better" imetufanana mno na "bora" yetu, ndo inavyotuvuta, na naomba sana kona zenu zilipigie kelele hili. Halafu wanaoitupa hiyo "'d" wakaandika "I rather go" wafundishwe pia kwamba hiyo "'d" mtu akiitamka haisikiki vizuri ila ipo, na bila yake sentensi imekosa mguu. Enzi za Shakespeare hata "had rather" ilikuwa ya kawaida kabisa, leo "would" ndo imeshika usukani.

Kukanusha na kuuliza ni mambo mafupi. Usiseme "I wouldn't rather go", sema "I'd rather not go", na hiyo hata peke yake, "I'd rather not", ni njia ya heshima ya kukataa jambo bila kutoa maelezo. Kwenye swali "than" inaondoka inaingia "or", "Would you rather sit or lie down?", kwa sababu anayeuliza bado hajaweka kimoja juu ya kingine, kazi hiyo anakuachia wewe.

Ombi langu kwenu ni hili. Mkichapa masomo ya Kiingereza acheni kuweka orodha ya sentensi kumi zinazofanana alafu majibu chini. Chukueni maongezi mafupi ya watu wawili, mmoja anataka, mwingine anaamua, wekeni kwanza vile Waswahili wangeyasema, "-nge-" zikiwemo na "badala ya" ikiwemo, ndo mteremke kwenye Kiingereza mkionyesha kila kipande kimeenda wapi. Na kama nafasi ni ndogo na lazima mchague moja ya kuanzia, anzeni na "I'd rather you stayed", maana hiyo inaangusha hata waliosoma sana.

Msomaji wenu