Jumamosi duka la pepeo Kyoto, naomba mthibitishe

Wapendwa habari za jioni, mpango wetu uko palepale, Jumamosi saa 4 kamili asubuhi tukutane stesheni ya Karasuma Oike alafu twende kwa miguu mpaka Miyawaki Baisen-an, lile duka la pepeo za kukunja, Wajapani wanaziita sensu, lipo tangu 1823 jamani na bado wanauza.

1. Mchango wa chai yen 1,000 kila mtu, mweka hazina apate kabla ya Alhamisi usiku.
2. Upepeo unafunguliwa taratibu kwa kidole gumba, vijiti vya mianzi ni vyembamba na karatasi inachanika upesi, kwahiyo watoto tuwashike mikono.
3. Picha tuombe ruhusa kwanza.

Anayekuja aandike NIPO na idadi ya watu, leo hii tafadhali 🙏🏾