Shukrani kwa kocha wa makipa wa mpira wa magongo

Kocha, jina lako silitaji kwa sababu najua hupendi kutajwa, ila shukrani hizi zimenijaa moyoni. Siku ile niliyofungwa mabao manne, yote ya kona ya adhabu, lile pigo wapinzani wanalopewa tukikosea karibu na goli letu, wenzangu waliondoka wewe ukabaki. Ulipiga magoti ukanikaza upya mikanda ya pedi za kukinga miguu, ukaniambia nitazame gongo la mpigaji, si macho yake. Kisha ukanipigia mipira mmoja mmoja hadi giza likaingia, bila kuinua sauti hata mara moja.

Kwenye kona ile tunalinda watu watano tu, kipa akiwemo. Zamani nilijiona niko peke yangu. Sasa sijioni hivyo tena. Ahsante sana, kocha wangu. Mungu akuzidishie.