Printa nzima, kompyuta haichapi: kabla hujaita bodaboda

Printa inawaka, karatasi zimo, wino upo. Unabofya kuprinti, kimya. Unabofya tena, kimya vilevile. Ukifungua orodha ya kazi unakuta fomu ileile imejipanga mara sita, na ya juu kabisa imeganda kwenye neno "Deleting" tangu asubuhi. Ikifika hapo, wengi huichomoa printa, huitia kwenye kiroba na kuita bodaboda iletwe dukani kwetu.

Kama ni printa ya matangi ya wino, safari hiyo ndiyo inayoiua. Ikilazwa ubavu kutoka Naliendele hadi Mtwara mjini, wino humwagika ndani na hewa huingia kwenye mirija. Inafika na ugonjwa ambao haikuondoka nao nyumbani, na ule wa mwanzo haukuwa wake, ulikuwa wa kompyuta.

Kwa hiyo pima kwanza. Kama printa yako ina skana juu, chomoa waya wa USB, weka karatasi yoyote yenye maandishi kwenye kioo, kisha bonyeza kitufe cha kopi. Kopi haihitaji kompyuta hata kidogo. Ikitoka safi, basi wino, kichwa na roli za karatasi havina neno. Isipotoka, hapo tatizo ni la printa yenyewe na maelezo yanayofuata hayatakusaidia. Ilete, lakini kwa bajaji, ikiwa imekaa sawa mapajani.

Foleni imekwama wapi

Ukibofya kuprinti, Windows haiipelekei printa karatasi yako moja kwa moja. Inaikabidhi kwanza kwa huduma inayofanya kazi chinichini, jina lake Print Spooler. Huyu ni karani wa foleni. Anaiandika kazi kwenye diski kwa mafaili mawili: moja huishia na SPL, ndilo lenye kurasa zenyewe, na la pili huishia na SHD, ndilo lenye maelezo ya nani katuma, kwa printa ipi, nakala ngapi. Kisha anaimegea printa kidogo kidogo, na kazi ikiisha anayafuta yote mawili.

Umeme ukikatika katikati, mafaili hubaki. Ukiwasha tena kompyuta, karani anayakuta na kuanza upya palepale. Kama faili limeharibika, anajikwaa, anaanguka, Windows inamwinua, anajikwaa tena. Anayeuza korosho ataielewa haraka: gunia la kwanza likipasuka juu ya mizani ya chama cha msingi, walio nyuma wote wanasimama, hata kama mzigo wao ni daraja la kwanza. Ndiyo maana kubofya kuprinti mara ya saba hakusaidii. Unaongeza magunia tu.

Wenye laptopu wana kisa chao. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri lakini printa inazima. Kompyuta haijui kwamba nusu ya ukurasa imepotea, inaendelea kusubiri jibu. Ukienda kufuta kazi hiyo, ndipo "Deleting" inapoganda.

Dalili nyingine za karani aliyeanguka: orodha ya printa inakuwa tupu kabisa, Word inachukua muda mrefu kufunguka (huwa inaiulizia printa kila inapoanza), au ukitaka kuongeza printa unaambiwa "The local print spooler service is not running".

Kuisafisha foleni

Kazi hii ni ya dakika 5 na inataka akaunti yenye mamlaka ya kubadilisha mambo kwenye kompyuta. Angalizo moja: kama kompyuta hiyo inatumiwa na wenzako shuleni au ofisini kuchapia kwa pamoja, kazi zao zilizoko kwenye foleni zitafutika pia. Waulize kwanza, hasa msimu wa mitihani.

Zima printa na uchomoe waya wa USB. Kwenye kibodi bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, bonyeza Enter. Itatokea orodha ndefu. Shuka hadi "Print Spooler", bofya mara mbili, halafu bofya "Stop". Dirisha hilo liache wazi.

Sasa bonyeza tena Windows na R, andika mstari huu kama ulivyo:

%systemroot%\System32\spool\PRINTERS

Ikikuomba ruhusa, ikubalie. Ndani utaona yale mafaili ya SPL na SHD. Yafute yote, ila folda yenyewe ya PRINTERS usiifute. Na jirani yake kuna folda inaitwa drivers: hiyo usiiguse kabisa, maana humo ndimo zinamokaa draiva za printa zako zote, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuelewana na kila printa. Kama faili linakataa kufutika kwa madai kwamba linatumika, ujue huduma haijasimama, rudi ukabofye "Stop" tena.

Folda ikiwa tupu, rudi kwenye dirisha la Print Spooler, hakikisha "Startup type" imesomeka "Automatic", bofya "Start". Rudisha waya, washa printa, uingoje itulie. Kisha fungua Notepad, andika neno moja, uchape hilo. Usianze na ile PDF ya kurasa 40 iliyoleta balaa, kwa sababu ikikwama tena hutajua kama aliyekosea ni karani au ni faili.

Kwa anayekutana na hali hii kila umeme unapokatika, ni bora amri hizi azihifadhi kwenye faili la Notepad, alipe jina safisha.bat na kuliweka usoni pa kompyuta:

net stop spooler
del /Q /F "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*"
net start spooler

Utalibofya kwa kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua "Run as administrator". Ukilibofya kawaida, litakataliwa ruhusa na hakuna kitakachofutika.

Inawaka, inazima baada ya dakika

Umesafisha, umebofya "Start", inaonekana "Running", unageuka kidogo unakuta imezima tena na folda ni tupu. Hapo siyo tena kazi iliyokwama, karibu kila mara ni draiva. Mtu aliwahi kuazima printa ya jirani mwaka juzi, akafunga draiva yake, printa ikarudi kwa mwenyewe na draiva ikabaki. Karani kila akiamka anaziita draiva zote, hata ya printa isiyokuwepo, na mbovu ikiwemo inamwangusha.

Kuijua mbovu hakuhitaji kubahatisha, ingawa mafundi wengi wanabahatisha. Bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc. Fungua "Windows Logs" halafu "Application", tafuta alama nyekundu yenye namba 1000 inayotaja spoolsv.exe, ambalo ndilo jina la programu ya karani. Chini yake kuna mstari "Faulting module name" wenye jina la faili linaloishia na dll. Jina hilo mara nyingi lina herufi za kampuni ya printa, na hapo unajua wa kumtoa.

Ili kumtoa, andika kwenye Windows na R:

printui /s /t2

Linafunguka dirisha lenye orodha ya draiva zote. Chagua ile mbovu, bofya "Remove", kisha "Remove driver and driver package". Ukiambiwa inatumika, kaiondoe kwanza printa hiyo kwenye orodha ya printa, simamisha na uwashe Print Spooler, uijaribu mara moja kabla haijashikwa tena. Draiva za Microsoft Print to PDF, ile "printa" ya Windows inayohifadhi karatasi kama PDF, ziache. Baada ya hapo funga draiva mpya ya printa yako kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Zile CD zinazokuja na boksi mara nyingi zimepitwa.

Inakataa kuwaka kabisa

Ukibofya "Start" ukapata kosa namba 1068, maana yake karani hakukataa mwenyewe, kuna mwenzake ambaye yeye humtegemea na hakuamka. Kwa kawaida Print Spooler inategemea vitu viwili, RPCSS na http. Draiva za zamani hujipachika katika orodha hiyo, na zikiondolewa vibaya jina lao linabaki likisubiriwa milele. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa mamlaka ya msimamizi, andika sc qc spooler, uone mstari wa "DEPENDENCIES". Kuna jina la tatu? Rudisha orodha ya asili:

sc config spooler depend= RPCSS/http

Nafasi baada ya alama ya usawa ni ya lazima. Na iwe Command Prompt kweli, kwa sababu kwenye PowerShell ya kawaida ya Windows neno sc lina maana nyingine. Kisha washa kompyuta upya.

Kompyuta za mitumba zina mambo yao mawili. La kwanza, "Startup type" kukutwa "Disabled". Julai 2021 ulitangazwa upenyo mkubwa wa kiusalama kwenye Print Spooler, ukaitwa PrintNightmare, na kabla marekebisho hayajatoka Microsoft ilishauri huduma hiyo izimwe pale isipohitajika. Kompyuta iliyozimwa hivyo ofisini kwake inaweza kuuzwa hivyohivyo. Irudishe "Automatic", lakini ifanyie masasisho ya Windows kwanza. La pili ni baya zaidi: unafungua orodha ya huduma na Print Spooler haimo kabisa. Hizo ni Windows zilizopunguzwa ili ziwe nyepesi, fundi akapunguza na usichotaka kupunguziwa. Huko hakuna cha kutengeneza, inabidi ifungwe Windows kamili.

Karani mzima, karatasi hakuna

Angalia kwanza printa gani imechaguliwa. Windows ina tabia ya kuifanya printa uliyotumia mwisho kuwa ndiyo ya kawaida, kwa hiyo ukihifadhi PDF jana, leo barua yako inaelekea huko. Kwenye mipangilio ya printa zima "Let Windows manage my default printer" uchague mwenyewe.

Ukihamisha waya wa USB kutoka tundu moja kwenda jingine, kompyuta inaweza kuiona printa ileile kama mpya na kuiongeza ikiwa na "Copy 1" mwishoni. Ya zamani inabaki ikionekana nje ya mtandao. Rudisha waya kwenye tundu lake, uliwekee alama ya kalamu.

Anayechapa kwa Wi-Fi ya simu ajue kwamba printa na kompyuta lazima ziwe kwenye hotspoti moja. Printa inakumbuka simu ya kwanza, wewe leo umewasha ya mwenzio.

Na diski C ikijaa, karani hana pa kuandikia. Faili dogo la PDF lisikudanganye: ukurasa mmoja wa A4 wa rangi kwa nukta 600 kwa inchi, ukifunuliwa bila kubanwa, ni takribani MB 100. Kurasa 20 ni kama GB 2. Acha nafasi ya GB 10 hivi, au chapa kurasa tano tano.

Kuhusu umeme, UPS ndogo (boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika) inaitosha kompyuta ya mezani na printa ya wino, ukapata muda wa kumaliza kazi na kuzima vizuri. Printa ya leza usiichomeke humo. Inapopasha moto inavuta mamia ya wati na itaiangusha UPS pamoja na kompyuta.

Ukishindwa yote haya, tuletee boksi la kompyuta au laptopu na chaji yake. Wanaotoka Newala na Tandahimba hawana haja ya kubeba skrini wala kibodi, zipo hapa. Printa inayotoa kopi vizuri ibaki nyumbani. Andika tu jina lake kamili kutoka kwenye kibandiko cha nyuma, maana Epson L3110 na L3210 zinafanana kwa sura lakini kila moja ina draiva yake, na lile boksi la kosa lipige picha kwa simu kabla hujalifunga.