Barua ya wazi kwa walimu vijana na wanafunzi wa shule za kata: toeni vishikwambi kabatini

Salaam nyingi kwenu walimu wangu, na nyie wanafunzi pia someni maana hii barua ni yenu wote. Mimi ni mwalimu mstaafu, chaki nimeshaiweka chini lakini wajukuu zangu bado wako darasani kwahiyo hili jambo la vishikwambi (tablet) na kompyuta shuleni linaninyima usingizi.

Naanza na walimu. Sensa ya Agosti 2022 ilivyoisha, vile vishikwambi vya makarani serikali ikaamua viende kwa walimu. Sasa naomba niulize, cha kwako kiko wapi? Kila nikipita shuleni kusalimia naambiwa kipo kabatini kwa mkuu, au kipo nyumbani watoto wanachezea gemu, kisa eti ni mali ya serikali kikivunjika nitakatwa mshahara. Hofu hiyo naielewa kabisa. Lakini mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unataka mtoto atoke na ujuzi, na utamfundishaje mtu kitu ambacho wewe mwenyewe unakigusa siku wakaguzi wakija tu?

Semina wakiita nendeni, ila msikae kuisubiri. Anza na ile kazi inayokutesa. Mateso ya matokeo tunayajua wote, darasa lina watoto mia na kitu, masomo saba, kikokotoo mkononi unajumlisha unagawa mpaka usiku wa manane alafu asubuhi mtoto anakufuata, ticha umenikosea jumla. Hiyo kazi Excel, ile programu ya majedwali na hesabu, inaimaliza. Majina weka safu ya A kuanzia mstari wa pili, alama za masomo B mpaka H, kwenye I2 andika =AVERAGE(B2:H2) afu buruta mpaka jina la mwisho, wastani wa kila mtoto huo hapo, na ukirekebisha alama moja wastani unajirekebisha wenyewe. Fanya hivo mwezi huu na ujao, hutaisahau tena.

Na mitihani chapeni wenyewe jamani. Mtihani unapelekwa steshenari, kijana anachapa, anaprinti, faili linabaki kwenye kompyuta ya pale kila mteja analiona, wiki ijayo maswali yako mtaani tunaanza kulaumiana ofisini. Bando najua mnanunua kwa hela zenu, ila kuchapa hakuhitaji bando. Siku ukiwa nalo, ingia maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), vitabu vya kiada vinasomeka bure.

Wanangu wanafunzi, simu shuleni hamruhusiwi lakini likizo mnazishika, tena mna spidi kweli kweli. Sasa kujua TikTok sio kujua kompyuta. Ukimaliza form six mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) unaombwa mtandaoni, chuo mtandaoni, ajira za serikali Ajira Portal. Wengi wenu mnaenda steshenari mnafunguliwa email na mtu baki, paswedi anaweka yeye, anaiandika kwenye daftari lake, na miezi ikipita ukitakiwa kurekebisha fomu yule kijana keshahama. Inauma sana kuona mtoto kafaulu vizuri anahangaika kwa ajili ya paswedi. Likizo hii fungua email yako mwenyewe, yenye jina lako la cheti, paswedi ujue wewe, na jifunze kuambatanisha faili na kutuma. Na AI (akili mnemba) msiitumie kuwaandikia insha nzima. Andika kwanza mwenyewe, alafu iulize umekosea wapi, na jibu lake ulinganishe na kitabu maana mara nyingine inadanganya bila aibu.

Kitu kingine kinachoniumiza, kwenye hizo shule chache zenye kompyuta utakuta mashine tano watoto hamsini, mwalimu kashika mausi yeye wengine wanachungulia, au wavulana wawili wamekalia kiti kipindi chote na wasichana wamesimama nyuma na madaftari. Mwalimu achia mausi. Weka zamu, kila mtoto dakika zake, na wasichana waanze wao.

Wakuu wa shule nanyi nawaomba, fungueni hayo makabati wiki hii, kila mwalimu asaini kishikwambi chake aondoke nacho, na Ijumaa baada ya vipindi kaeni saa moja anayejua amuoneshe asiyejua, bila kuchekana.

Nawatakia muhula mwema,
Babu yenu, mwalimu mstaafu