Sarafu za Mtambwe zisisakwe kwa mashine

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na vijana wa Pemba, na wazee wao pia, wanaowapa pesa za kununulia mashine za kusakia vyuma ardhini.

Mashine hizi sasa zimeshafika kwetu. Kijana anapitisha lile sahani juu ya ardhi, likilia anachimba. Mara nyingi kinachotoka ni msumari, kipande cha bati au kizibo cha soda. Sina neno na mtu anayetafuta pete iliyomdondoka ufukweni. Neno langu ni kwa wanaosubiri maji yapwe, wakavuka kwenda Mtambwe Mkuu na kuyatoboa magofu ya mji wa kale.

Juzi kijana mmoja niliyemsomesha aliniletea reale, sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Alikuwa ameisugua kwa ndimu na majivu hadi ikameremeta, na maandishi ya pembeni yamelika. "Bi Mwalimu, hii ya mwaka 1780, si itatoa mamilioni?" Nikamweleza kwamba reale hizo ziliendelea kupigwa chapa huko Ulaya muda mrefu baada ya malkia huyo kufa, zote zikiandikwa mwaka uleule, na mabibi na mababu zetu walizitumia kama tunavyotumia noti leo. Uzito wake ni gramu 28, na sehemu kubwa ni fedha kweli, lakini si mamilioni. Kisha nikamuuliza: uliitoa wapi, kina gani, ilikuwa pamoja na nini? Hajui. Palikuwa na vigae vya vyungu na shanga kidogo, akavitupa vichakani. Kusema kweli niliumia kwa vile vigae kuliko kwa ile sarafu.

Nitaeleza kwa nini. Mwaka 1984 pale Mtambwe zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zote mahali pamoja. Ni vijisarafu vyembamba, kimoja hakizidi ukucha. Upande mmoja pana jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtukuza Mwenyezi Mungu yaliyotungwa yapatane vina na jina lile. Mwaka hawakuandika. Lakini pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu, na miongoni mwake za makhalifa wa Fatimiya wa Misri, ambazo mwaka wake unasomeka. Iliyo ya mwisho kabisa ni ya 1066. Kwa sababu hiyo tu ndiyo tunajua kwamba karibu miaka elfu iliyopita watu wa pwani hii walikuwa na watawala wao, mafundi wao na sarafu zao za fedha, na hazikuazimwa kwa mtu.

Sasa fikiri zingetolewa na kijana mwenye mashine, usiku, na tochi mdomoni. Dhahabu ingekwenda kwa mnunuzi mmoja, fedha ingekwenda kwa sonara ikayeyushwa bangili. Hata kama sarafu kumi zingesalia kwenye kabati la mtu, nani angezijua umri wake?

Uingereza, ambako watu wengi hutembea na mashine hizi mashambani, wameona mambo yote mawili, la anayeripoti na la anayeficha. Mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne, Eric Lawes alikwenda kutafuta nyundo ya rafiki yake mkulima. Mashine ikalia, zikatoka sarafu za Warumi. Akatoa chache, akaacha kuchimba, akatoa taarifa. Wataalamu walipokuja walikuta sarafu 14,865, nyingi mno zikiwa za fedha, na wakaweza hata kuona kwamba zilikuwa zimepangwa ndani ya sanduku la mbao lililokwisha kuoza. Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, akamgawia na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana! Mwaka 2015, huko Herefordshire, wawili walichimbua hazina ya zama za Waviking wakaificha na kuiuza kidogo kidogo. Walifungwa jela mwaka 2019, na sarafu nyingi hazijaonekana mpaka leo.

Zanzibar tuna sheria ya kuhifadhi majengo na mambo ya kale tangu 1927. Kijana wa Mtambwe haijui, na hata akiijua anaiona ya kumnyang'anya tu. Ndiyo maana ombi langu kwa Serikali ni hili: atakayeripoti alipwe. Alipwe kwa kiwango kinachotangazwa mbele ya watu, apewe risiti yenye jina lake, na sarafu ikiwekwa makumbusho iandikwe nani aliyeileta. Magofu ya Mtambwe, Ras Mkumbuu, Chwaka na Pujini yapigwe marufuku kwa mashine, na walinzi waajiriwe kutoka vijiji vya hapohapo.

Na mkishaona kitu, wanangu, msikisugue wala msikihamishe. Kifukieni kwa mchanga uleule, wekeni alama, nendeni kwa sheha siku hiyohiyo.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Wete, Pemba