Mwanangu, siku ya 14 isikudanganye

Mwanangu,

Nilipokuuliza kwenye simu unavyohesabu siku za kushika mimba, umenijibu kwamba hayo unayajua: siku ya 14 ni ya hatari, zilizobaki salama. Tangu hapo usingizi umenipaa. Siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa hedhi wa siku 28 usioyumba. Wako mara 26, mara 31.

Shika daftari. Siku ya 1 ni ile damu inapoanza kutoka hasa. Matone hayahesabiwi, na wala usianzie siku inapokatika. Hapo wengi ndipo wanapopotelea. Andika mizunguko 6 bila kuruka. Ule mfupi kuliko yote toa 18, ule mrefu toa 11. Kama yako haitavuka hiyo 26 na 31, unapata 8 na 20. Kuanzia ya 8 hadi ya 20 unaweza kushika mimba. Siku 13, mama, si moja! Yai halimalizi zaidi ya saa 24, lakini mbegu za mwanamume zinaweza kulingoja ndani hata siku 5.

Hesabu hazijawahi kukushinda, nakusifu. Uvivu wa kuandika ndio ninaouogopa. Ulipovunja ungo ulipewa pedi na onyo, maelezo hakuna. Basi yapokee sasa.

Tazama na ute wa ukeni. Ukivutika kati ya kidole gumba na cha shahada bila kukatika, mwangavu kama ute wa yai bichi, ujue unaweza kushika mimba, usijidanganye na siku ya ngapi. Joto la mwili pima ukiwa bado kitandani, kabla hata ya kunywa maji, saa ile ile. Likipanda nyuzi za Selsiasi 0.2 hadi 0.5 na kukaa juu asubuhi 3 mfululizo, yai limeshatoka. Homa au kukesha huvuruga kipimo. Tena joto halikuonyi mapema, linakuambia yaliyopita.

Mwenzako naye alisome daftari. Siku hizo 13 ni kondomu au subira, na asiseme "leo tu". Wanaohesabu kwa kubahatisha hushika mimba, ndiyo maana nakukera na hiyo 14.

Kipimajoto cha kabatini kiache, kina desimali moja. Tafuta cha desimali mbili. Mashuka yako yamekauka, yapo juu ya sanduku. Daftari nimelichomeka katikati yake, mistari nimeshachora.

Mama yako