Kipimo cha jeni kinaanzia kwenye kikopo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi. Siku hizi habari za saratani ya kinywa hazikosi neno jeni, na mimi niliyeng'oa meno ya watu wa Urambo hadi nikastaafu nazifuatilia kwa hamu. Jeni ya TP53, inayozuia seli kujigawa ovyo, hukutwa imeharibika katika saratani nyingi za kinywa. Tena ule utando mweupe usiofutika, wa ndani ya shavu au pembeni mwa ulimi, seli zake zikiwa zimepoteza vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 3 na ya 9, hatari ya kugeuka saratani huwa kubwa zaidi. Hilo si dogo. Kwa macho matupu huwezi kujua upi utageuka na upi mzee atazikwa nao bila kumdhuru.

Huku kwetu tumbaku ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, na wapo bibi wanaoweka ugoro mdomoni tangu usichana wao. Utando huo naufahamu.

Ila kipimo cha kuyaona mabadiliko hayo ya jeni mara nyingi husoma kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa. Kinyama kinatakiwa kiingie mara moja kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ya asilimia 10 isiyo na asidi, yenye ujazo mara kumi ya chenyewe, na kisipitishe siku tatu hivi kabla ya kugandishwa kwenye nta. Nilichokuwa nakiona mimi ni kikopo cha vidonge kilichosuuzwa, fomalini ya kukadiria, jina kwenye plasta, halafu kinakaa dirishani kusubiri gari la Mwanza. Gari likikosa mafuta, kinasubiri tena. Mtaalamu wa hadubini bado ataitambua saratani, lakini DNA itakuwa imekatikakatika, na mashine ya mamilioni itakosa cha kusoma.

Wanaopanga bajeti, tuleteeni kwanza fomalini iliyokwisha tengenezwa, vikopo vyenye mfuniko na gari lenye siku yake. Kazi ya kugandisha kwenye nta ifanyike hapa hapa Tabora mjini. Bloku za nta hutunzika miaka mingi, kwa hiyo hata kipimo cha jeni kikichelewa kufika, kitazikuta. Na namba ya bloku iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, asije akafika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akakatwa upya.

Tabibu wa meno mstaafu,
Urambo, Tabora